Ukitaka kumfuga nyigu, mfuge kwanza adui

Mkwezi hawapendi chungu waitwao maji moto. Atapanda minazi ishirini asubuhi moja bila neno, lakini akifika penye viota vyao atasimama kwanza, atautazama mnazi toka shinani hadi kileleni, kisha atataja bei nyingine. Usimlaumu. Chungu hao wa kahawia yenye wekundu hawangoji kuchokozwa: wanang'ata, halafu wanakunja tumbo na kulimiminia jeraha asidi. Jina lao limetoka hapo hapo.

Mwenye shamba anayejua mambo atakubali bei hiyo, ingawa atanung'unika. Pita chini ya mnazi usio na maji moto uangalie ardhini. Mara nyingi utakuta vidaka vimetapakaa, vimeanguka hata kabla ya kufikia utale, na vichache vilivyobaki juu vina makovu na utomvu ulioganda. Aliyefanya hayo ni mdudu mfyonzaji, mwembamba, wa kahawia, anayekichoma kidaka kwa mdomo mfano wa sindano na kukiachia mate yenye sumu. Hahitaji kuja na jeshi. Wachache tu kwenye mnazi mmoja wanatosha kuyamwaga mavuno. Wanasayansi wanamwita Pseudotheraptus wayi, jina linalomkumbuka Michael Way, Mwingereza aliyewachunguza chungu wa minazi ya Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Palipo na maji moto wa kutosha, mfyonzaji huyo hapati pa kutua. Chungu wanapita kila kuti na kila karara, na chochote chenye mwili laini kwao ni kitoweo.

Basi maji moto ni mdudu rafiki, yuko shambani kabla ya sisi kuzaliwa, hali dawa wala hadai mshahara. Lakini mkulima akisikia redioni kuhusu "kufuga wadudu rafiki", swali lake la kwanza huwa: wanauzwa wapi, na chupa moja shilingi ngapi? Swali ni la haki. Jibu lake ndilo lenye vifundo, kwa sababu neno hilo moja limebebeshwa kazi zisizofanana.

Tuondoe kwanza zisizotuhusu. Siku hizi ukitaja ufugaji wa wadudu, wengi wanamfikiria yule inzi mweusi ambaye mabuu yake hulishwa mabaki ya sokoni kisha yakapewa kuku. Ni kazi nzuri, ila pale mdudu ni mazao. Nyuki naye ana makala zake. Hapa nazungumzia mdudu aliye kibarua: anayeletwa shambani ili ale, au azae ndani ya, mdudu anayekula mazao yako.

Na kifundo chenyewe ni hiki. Muhogo wa Afrika uliokolewa na nyigu ambaye hakuna mkulima hata mmoja aliyemlipia, na ambaye hadi leo anajizalia mwenyewe. Shamba la waridi Naivasha nalo linatumia viumbe rafiki, lakini linawanunua kwa chupa, likimaliza linanunua tena. Zote mbili huitwa udhibiti wa kibayolojia. Kwa nini moja ni bure na nyingine ni bili isiyokwisha?

Tuanze na muhogo, maana kisa chake kina mafunzo mengi kuliko chote nikijuacho.

Muhogo asili yake ni Amerika Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16, ukavuka bahari ukiwa umeacha maadui wake nyuma. Kwa takriban miaka mia nne tuliupanda, tukala mizizi na kisamvu, sombe kwa ndugu zetu wa Kongo, bila kuwajua wadudu waliokuwa wakiusumbua huko kwao. Mwaka 1973, katika mashamba ya pande za Kinshasa na Brazzaville, ncha za mihogo zikaanza kujikunja kama ngumi. Ndani ya mikunjo kulikuwa na vidudu vidogo vimejipaka nta nyeupe mithili ya unga. Ndiye kidung'ata wa muhogo. Majani yalidumaa, kisamvu kikakosekana, na mahali pengine zaidi ya nusu ya mavuno ikapotea.

Kidung'ata huyu hana dume. Kila mmoja ni jike na kila mmoja anataga mayai kwa mamia bila kupandwa, hivyo mmoja tu akisafiri kwenye kipando ambacho shangazi amempelekea mpwawe kijiji cha pili, ukoo mpya umeanza. Upepo nao ulisaidia. Ndani ya miaka kumi na ushee alishafika Senegali upande mmoja, na kabla miaka ya 1980 haijaisha alikuwa ndani ya Tanzania. Dawa ya kunyunyizia ilikuwa ndoto: nta inaizuia, mikunjo ya majani inamficha, na mtu anayelima muhogo ili apate chakula hana fedha za bomba na dawa kila wiki mbili.

Katika taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki ya IITA, Ibadan, Nigeria, alikuwapo Mswisi aitwaye Hans Herren. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: kama huyu ni mgeni, basi huko alikotoka lazima kuna anayemla, la sivyo hata huko muhogo usingekuwepo. Wakatafuta kaskazini mwa Amerika Kusini. Wakampata kidung'ata anayefanana kabisa na wetu, wakawachukua nyigu wake, na nyigu wakamkataa kidung'ata wa Afrika. Kumbe yule alikuwa jamaa tu, tena mwenye madume. Nyigu wa namna hii hamtafuti kidung'ata yeyote. Anamtaka mmoja, na ukikosea jina la mwenyeji, yaani mdudu ambaye nyigu huzaa ndani yake, umekosea kila kitu. Mwaka 1981 ndipo Tony Bellotti, mtafiti wa kituo cha CIAT cha Kolombia, alipomkuta kidung'ata halisi Paraguay. Nyigu wake, ambaye leo anaitwa Anagyrus lopezi, alipelekwa kwanza karantini London kuhakikisha hakuja na maradhi wala vimelea vyake mwenyewe, kisha akapelekwa Ibadan. Mwaka huo huo aliachiwa shambani.

Mtazame nyigu huyo kwa karibu, ukiweza. Hafiki hata milimita mbili. Jike humpapasa kidung'ata kwa papasi zake, anamzunguka, kisha anamchoma na kuacha yai moja ndani. Yai linaanguliwa, buu linamla kidung'ata kwa ndani huku akiwa hai. Baada ya siku kadhaa kidung'ata anavimba na kugeuka ganda gumu la kahawia, kama punje ya uwele iliyobanduka. Mwishoni tundu la mviringo linatobolewa kwenye ganda hilo na nyigu mpya anatoka. Kutoka yai hadi nyigu mzima ni kama wiki mbili hadi tatu.

Sasa jaribu kuwazalisha kwa maelfu. Hapo ndipo wengi wanaodhani watafungua kiwanda cha wadudu rafiki hugutuka. Nyigu hali pumba wala sukari peke yake; anahitaji vidung'ata hai. Kidung'ata anahitaji muhogo hai. Kwa hiyo mtu anayetaka kumfuga nyigu ni lazima kwanza awe mkulima wa muhogo, halafu awe mfugaji hodari wa adui yule yule ambaye kijiji kizima kinamlaani, na mwisho kabisa ndipo awe mfugaji wa nyigu. Ghorofa tatu, na ya chini ikitikisika zote zinaanguka. Muhogo ukipungukiwa mwanga, vidung'ata wanadhoofu. Nyigu wakipenya mapema kwenye chumba cha vidung'ata, wanamaliza mbegu.

Ibadan walitengeneza kitu walichokiita "mti wa muhogo": nguzo iliyochomekwa vipando pande zote, inayonyweshwa maji yenye virutubisho bila udongo, majani yakatokeza kila upande kama mti wa ajabu. Vidung'ata walipandikizwa juu yake, kisha nyigu wakaingizwa. Nyigu wapya hukimbilia mwangani, na huko ndiko mtego wa kuwakusanya hukaa.

Kuna ujanja mwingine ambao mfugaji asipoujua anafilisika akiwa na chumba kimejaa. Jike la nyigu huyu huchagua jinsia ya mtoto wake. Yai lisilorutubishwa linatoa dume, lililorutubishwa linatoa jike, na mama huamua kwa kumpima kidung'ata aliye mbele yake: mdogo anawekewa dume, mkubwa anawekewa jike, kwa kuwa jike anahitaji chakula zaidi ili awe na mayai. Basi mwenye haraka anayewaingiza nyigu kwenye vidung'ata ambao hawajakua atavuna nyigu wengi wazuri wa kupigwa picha, karibu wote madume. Hao hawatagi.

Nyigu wa Ibadan waliachiwa kwa magari, wakaachiwa pia kutoka kwenye ndege. Nyigu wakaenea wenyewe kuliko walivyopelekwa, wakakita makazi katika nchi zaidi ya 25 za Afrika, na mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kidung'ata huyo alipoibuka Thailand mwaka 2008, Wathai walikuja Benin kuchukua nyigu. Hata sasa kisa kinajirudia karibu na kwetu: pwani ya Kenya, kidung'ata mwingine aliyevamia mipapai, aliyeripotiwa mwaka 2016, amefuatwa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Ghana.

Kwa nini ilikuwa bure? Muhogo hukaa shambani mwaka mzima na zaidi, jirani naye amepanda, na jirani wa jirani. Nyigu hakosi chakula mwezi wowote. Halafu hakummaliza kidung'ata. Jambo hili watu wanalipokea kwa shida, lakini ndilo moyo wa mambo: ukitafuta kwa bidii katika shamba lenye afya leo utamkuta kidung'ata mmoja mmoja, na ni lazima awepo, maana siku atakayokwisha kabisa nyigu naye atakufa njaa. Wanabembea pamoja, wote wakiwa wachache.

Sasa nenda kwenye kitalu nyumba cha waridi. Adui mkuu humo ni utitiri, viumbe wadogo wa ukoo wa buibui wanaofyonza majani hadi yakawa na vidoa vya njano na kufunikwa nyuzi laini. Mla utitiri anayeuzwa sana ni utitiri mwenzake, Phytoseiulus persimilis, mwekundu, mwenye umbo la tone, anayekimbia huku mawindo yake yakijikokota. Watu wa Ulaya walimpata kwa bahati mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye maua ya okidi yaliyofika Ujerumani kutoka Chile. Mwaka 1967 mkulima wa matango wa Uholanzi, Jan Koppert, aliyekuwa akidhurika na dawa, alianza kumtumia shambani kwake. Biashara iliyoota hapo leo ipo duniani kote. Kenya viumbe hawa huzalishwa nchini, Naivasha na Thika, kwa ajili ya mashamba ya maua na mboga.

Utitiri huyu mwindaji anakula utitiri tu. Hana chakula cha akiba, hali chavua. Katika nyumba ya plastiki iliyofungwa, mnunuzi wa Ulaya hakubali jani lenye doa, kwa hiyo mawindo lazima yashushwe mpaka karibu na sifuri. Mwindaji anafanya kazi hiyo vizuri, halafu anakufa njaa. Mashina ya maua nayo yanakatwa na kutolewa nje kila siku, pamoja na waliokaa juu yake. Wiki kadhaa baadaye utitiri mwingine anaingia na upepo au kwenye nguo za mfanyakazi, na mlinzi hayupo. Ndiyo sababu ya chupa nyingine. Hakuna aliyemwibia mkulima. Mazingira yenyewe hayaruhusu mlinzi kuhamia.

Uzalishaji wake nao ni ghorofa zile zile, isipokuwa badala ya muhogo kuna maharage. Nyumba ya kwanza ina miche safi ya maharage. Ya pili ina maharage yaliyojazwa utitiri mharibifu kwa makusudi, majani yamekuwa ya shaba. Ya tatu ndiyo ya wawindaji. Kanuni ya kutembea humo ni kali kuliko ya chumba cha upasuaji: asubuhi unaanza na nyumba safi, unakwenda ya pili, unamalizia ya tatu, na siku hiyo hurudi nyuma. Mfanyakazi aliyetoka kwa wawindaji akapitia nyumba ya mawindo kuchukua kofia aliyoisahau anaweza kuacha majike wawili watatu begani. Mwindaji anakua kutoka yai hadi kuzaa kwa kama wiki moja kukiwa na joto zuri, haraka kuliko mawindo yake. Baada ya muda mfupi nyumba ya pili imesafishwa, na kiwanda hakina chakula cha kuwapa wateja wake wenye miguu minane.

Wanaotoka hapo hutiwa kwenye chupa pamoja na punje nyepesi za madini ili wasigandane, husafirishwa kwa ubaridi, na hunyunyizwa juu ya majani kama mtu anavyotia chumvi mezani. Mkulima aliyezoea dawa huikosea chupa hii mara ya kwanza. Anaiweka stoo akingoja utitiri azidi. Akiifungua wiki ya tatu, anamwaga maiti.

Kwa vile ghorofa tatu ni ghali, wafugaji wametafuta njia za mkato. Iliyofanikiwa kuliko zote ni ya Trichogramma, nyigu mdogo wa kama nusu milimita anayetaga ndani ya mayai ya nondo. Yeye si mchaguzi sana. Badala ya kufuga nondo anayesumbua shamba, unafuga nondo wa mchele, yule anayejitokezea mwenyewe kwenye debe la unga uliosahauliwa, kwa kumlisha nafaka iliyopasuliwa. Mayai yake yanapigwa mwanga wa urujuanimno au yanagandishwa ili yasianguliwe, yanabandikwa kwa gundi kwenye kadi, kadi inaingizwa kwenye chupa yenye nyigu. Siku tatu nne baadaye mayai yaliyotagiwa yamekuwa meusi, na kadi iko tayari kubanwa kwenye jani la muhindi. India na China zimekuwa zikifanya hivi kwa miongo mingi.

Njia ya mkato ina makali yake. Nyigu aliyezaliwa vizazi vingi ndani ya chupa, chakula kikiwa sentimita mbili mbele ya pua, anasahau kazi. Anataga vizuri maabara lakini shambani hatafuti, wakati mwingine haruki kabisa. Ndiyo maana mzalishaji makini huwapima nyigu wake kwa kuruka, si kwa idadi tu, na kila baada ya muda huchanganya damu mpya kutoka porini.

Kiwavijeshi vamizi aliyefika Afrika mwaka 2016, na Kenya na Tanzania mwaka uliofuata, ameonyesha mipaka ya mkato huo. Nondo wake hutaga mayai kwa mafungu ya mia na zaidi, tabaka juu ya tabaka, na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Trichogramma anayafikia ya juu, ya chini yanasalimika. Yupo nyigu mwingine, Telenomus remus, anayepenya mpaka chini. Watafiti walipokuwa wanafikiria kumwagiza, walikuta ameshafika mwenyewe: mwaka 2019 ilichapishwa kwamba yumo katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Shida ni kumzidisha. Hutaka mayai ya kiwavijeshi, na kiwavijeshi akishakua kidogo anamla nduguye. Ukiwaweka hamsini kwenye beseni, kesho una kumi, kesho kutwa wachache walionona. Kila kiwavi anahitaji kikombe chake na mtu wa kukihudumia. Zidisha kwa maelfu uone gharama inakokwenda.

Kabla sijasahau, kuna ufugaji mmoja wa Tanzania unaostahili kutajwa hata kama haukai vizuri kwenye kundi lolote. Tanga walifuga mbung'o. Waliwalisha damu kupitia utando laini wakidhani wananyonya ng'ombe, wakawapiga madume mionzi hadi wakawa tasa, na kati ya 1994 na 1997 wakawamwaga kwa ndege juu ya Unguja, zaidi ya milioni 8. Jike aliyepandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini kisiwani alinaswa mwaka 1996. Safari hii adui alifugwa ili awe silaha dhidi ya ukoo wake mwenyewe, na ilifaa kwa kuwa Unguja ni kisiwa.

Kazi hizi zimeshindwa pia, na si vyema kuficha. Dumuzi, ambaye wakulima wa Tanzania walimpachika jina la Scania kwa jinsi anavyobomoa, aligunduliwa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, naye ametoka Amerika ya Kati. Huko kwao kuna mbawakawa mdogo mweusi anayemwinda, Teretrius nigrescens, akaletwa: Togo mwaka 1991, Kenya mwaka 1992. Mahali pengine dumuzi walipungua porini, lakini ghalani mahindi yaliendelea kuwa vumbi. Dumuzi huzaa haraka kuliko mwindaji wake, anaishi pia kwenye miti mikavu msituni, na gunia lako halina subira ya miaka. Mifuko isiyopitisha hewa imewasaidia wakulima wengi kuliko mbawakawa yule.

Na kuna kushindwa kwa namna mbaya zaidi, pale mgeni anapofanikiwa kupita kiasi. Kuna mbawakawa wa mviringo mwenye madoa, asili yake Asia, aliyepelekwa Marekani na Ulaya kula vidukari. Alikula vidukari, kisha akawala na jamaa zake wenyeji, na baridi ikiingia anavamia nyumba za watu kwa mamia. Ndiyo sababu huwezi kumbeba nyigu mfukoni ukavuka naye Namanga. KEPHIS, taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, upande wa Kenya na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu upande wa Tanzania hutaka kibali, karantini, na majaribio ya kuonyesha mgeni atakula nini kingine adui akikosekana. Wapo wanaolalamika kwamba urasimu huo ni mrefu. Mimi sijaona bado sababu ya kuufupisha.

Kwa mkulima wa ekari mbili, basi, hesabu inakuwa hivi. Kazi ya aina ya muhogo haimhusu. Hiyo ni ya serikali na watafiti, yeye atapokea matunda yake. Kununua chupa kunalipa penye kitalu nyumba na soko la bei, siyo kwenye mahindi ya chakula. Kinachobaki ni kuwatunza waliopo, na hapa ndipo nadhani tumekuwa wavivu, kwa kuwa kutunza hakuna cha kuuza.

Dawa inayoua kila kitu huwaua walinzi kwanza. Anayekula majani amekaa juu ya chakula tele, atarudi upesi. Mlinzi hurudi baada ya chakula chake kuongezeka. Katikati ya marudio hayo mawili ndipo mlipuko unapotokea, na mkulima husema dawa ni feki, apige nyingine. Nyigu wazima nao wengi hunywa nekta. Tuta moja la giligilani lililoachwa likachanua kando ya sukumawiki linawalisha nyigu na nzi wa maua ambao watoto wao hula vidukari.

Na kuna ufugaji wa nyumbani kabisa unaonifurahisha kuliko viwanda vyote. Maembe yaliyoangushwa na nzi wa matunda, badala ya kuyazika au kuyaacha yaoze, yanatiwa kwenye hema dogo lililofungwa kila upande, juu likiwa na kipande cha wavu. Nzi wanaototolewa humo hawapenyi, wavu ni mdogo kwao. Nyigu waliokuwa ndani ya mabuu ya nzi ni wembamba, wanapita mmoja mmoja na kurudi shambani. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimelisambaza wazo hili kwa wakulima wa maembe. Maembe mabovu, hema na kipande cha wavu: ghorofa zote tatu, na adui ndiye aliyelipia chakula.

Turudi kwa maji moto. Wanaweza kuhamishwa, na pwani ya Tanzania imefanyika kwenye minazi na hata kwenye mikorosho, ambako wanamdhibiti mbu wa mikorosho. Kiota chao ni majani mabichi yaliyoshonwa. Kibarua humbana buu mdogo kwa taya zake, akamgusisha jani hili na lile kama mtu anayeshika chombo cha gundi, na hariri inayomtoka buu ndiyo uzi. Viota vingi, hata kwenye miti kadhaa, huwa ni ukoo mmoja wenye malkia mmoja. Ukichanganya viota vya koo mbili kwenye mnazi mmoja, wataanza kwa kuuana wao. Kata viota vya ukoo mmoja alfajiri, chungu wengi wakiwa ndani, vitie kwenye gunia, vining'inize kwenye minazi mipya, kisha unganisha mnazi na mnazi kwa kamba ili wasilazimike kushuka. Chini wapo sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wanaowafukuza, na mashamba mengi maji moto wametoweka kwa sababu ya hao, wala si dawa. Penye michungwa katikati ya minazi maji moto hustawi zaidi, maana wana matawi ya kupitia na majani laini ya kushona.

Mkwezi naye mwite mapema, umande ukiwa bado haujakauka na chungu wamezubaa, apake majivu mikononi na shingoni. Nyongeza aliyoitaja mpe. Ila mwambie kabla hajapanda kwamba akisafisha makuti makavu, yale mabichi yenye viota ayaache.